BUBU Isiwe Bubu kwa Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Tarehe 14 Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, ili ijenge reli mpya ya kisasa kutoka Malaba mpakani hadi Kampala. Njia hiyo ni ya kilomita 272, na bei yake ni Euro bilioni 2.7. Mkataba wa kwanza, uliofanywa na kampuni ya China mwaka 2015, ulivunjwa mwaka 2023 baada ya mkopo kukosekana kwa miaka mingi. Kwa hiyo tumengojea reli hii muda mrefu, na sasa imepata mjenzi.

Tangu siku hiyo wenye viwanda wanaimba wimbo mmoja. Wanasema reli ijengwe kwa simenti ya Uganda, nondo za Uganda, mabati ya Uganda na kokoto za Uganda. Mimi naunga mkono wimbo huo, tena kwa sauti kubwa. Lakini nimeusikiliza mwanzo hadi mwisho, na ubeti mmoja haumo. Haumo ubeti wa mtu anayesaga simenti hiyo, anayeyeyusha chuma hicho na anayevunja kokoto hizo.

Sera ya Serikali ya kununua vitu vya nyumbani ilitolewa mwaka 2014, nayo inaitwa Buy Uganda Build Uganda. Kwa kifupi tunaiita BUBU. Sisi tunaosema Kiswahili tunajua bubu ni nani: ni mtu asiyeweza kusema. Katika jambo la mshahara wa mfanyakazi, sera hii imefanana na jina lake. Inasema juu ya kiwanda, juu ya bidhaa, juu ya ubora na juu ya soko. Ikifika kwa mfanyakazi inanyamaza. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

KANUNI ZENYEWE ZINASEMAJE?

Tuzijue kanuni kwanza, maana mtu hawezi kudai haki asiyoijua.

BUBU ya mwaka 2014 inazitaka ofisi za Serikali kununua bidhaa na huduma za nchini kwanza. Mwaka 2018 Mamlaka ya Ununuzi wa Umma, yaani PPDA, ilitoa miongozo ya kutenga kandarasi fulani kwa ajili ya kampuni za hapa nchini. Miongozo hiyo inamtaka kontrakta wa kigeni anayepata kazi kubwa ya ujenzi kuwagawia wananchi asilimia 30 ya kazi hiyo. Tena sheria ya ununuzi inaruhusu bidhaa ya Uganda ipewe nafuu mbele ya bidhaa ya nje, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Katika mafuta, kanuni za mwaka 2016 zilitaja aina 16 za bidhaa na huduma ambazo ni lazima zitoke kwa kampuni za Uganda. Miongoni mwake kuna vifaa vya ujenzi vinavyopatikana nchini, usafirishaji, ulinzi, na chakula cha wafanyakazi.

Jirani zetu nao wamefanya hivyo. Reli mpya ya Kenya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ilikuwa na sharti kwamba asilimia 40 itoke nchini Kenya. Simenti ikatoka kwa viwanda vyao, reli zenyewe za chuma zikaja kwa meli, na mabishano juu ya namna ya kuihesabu asilimia 40 hiyo yakaendelea hata baada ya treni kuanza kwenda. Tanzania nayo, katika reli yake mpya, ilipata kiwanda cha kutengeneza mataruma ya zege huko Soga, mkoa wa Pwani.

Basi kanuni zipo, na si mbaya. Ubaya ni kwamba zote zinahesabu mifuko, tani na shilingi. Hakuna hata moja inayohesabu tumbo la mfanyakazi.

KWA NINI TUNAUNGA MKONO

Asije mtu akasema chama cha wafanyakazi kinapinga viwanda vya nyumbani. Historia yetu inatufundisha kinyume chake.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901, na Kampala ikaiona mwaka 1931. Chuma chake kilitoka ng'ambo, injini zilitoka ng'ambo, na hata vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Pamba yetu ilishuka pwani kwa bei ya chini, na vitu vya viwanda vilipanda bara kwa bei ya juu. Kazi ya kuongeza thamani ilibaki kwao, kazi ya kubeba ikabaki kwetu.

Mambo yalibadilika kidogo miaka ya 1950. Shirika la Uganda Development Corporation liliundwa mwaka 1952, kiwanda cha simenti kikasimama Tororo, na bwawa la Owen Falls huko Jinja likafunguliwa mwaka 1954. Baadaye kikaja kiwanda cha Hima upande wa magharibi. Ujenzi wa taifa ulizaa viwanda, viwanda vikazaa ajira, na ajira ikazaa vyama vyetu. Mzee aliyefanya kazi Tororo au Jinja miaka ile atakueleza jinsi mshahara wa mtu mmoja ulivyosomesha watoto na kujenga nyumba ya bati kijijini.

Kwa hiyo tunapodai simenti ya Uganda iingie katika reli ya Uganda, tunadai kitu chenye maana. Shilingi inayolipwa kiwandani Namanve inanunua posho Mukono, na yule muuza posho analipa karo Kayunga. Shilingi inayolipwa ng'ambo imekwenda, na deni lake linabaki hapa kwa wajukuu.

LAKINI "CHA UGANDA" NI KIPI?

Hapa tuwe macho, maana kuna ujanja.

Mwaka 2018 simenti iliadimika nchini. Mfuko uliokuwa ukiuzwa kwa karibu shilingi 30,000 ulipanda ukapita 40,000. Wengi walishangaa: viwanda tunavyo, mbona simenti hakuna? Sababu mojawapo ilikuwa klinka, yale mawe yaliyochomwa ambayo husagwa yakawa simenti. Sehemu ya klinka yetu ilikuwa ikitoka Kenya kwa malori, na malori yalipokwama, mitambo ya Uganda ikakosa cha kusaga. Mfuko ulikuwa umeandikwa Uganda, lakini kilichomo kilichomwa kwingine.

Nondo nazo ni vivyo hivyo. Viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu au hununua chuma kilichokwisha kufanywa nje na kukivuta kiwe nondo. Wakati huohuo mawe ya chuma yamelala Muko, huko Kigezi.

Sisemi kiwanda cha kusaga au cha kuvuta si kiwanda. Ni kiwanda, na ndani yake kuna wenzetu. Nasema hivi: kama asilimia itahesabiwa kwa jina lililoandikwa juu ya mfuko, basi tajiri anaweza kuleta bidhaa karibu kamili kutoka nje, akabandika karatasi, akaajiri watu ishirini wa kupakia, akapewa nafuu ya mzalendo. Asilimia ihesabiwe kwa kazi iliyofanyika hapa. Na kazi hupimwa kwa mikono iliyoifanya na kwa mshahara uliolipwa. Huwezi kujua kama kitu ni cha nyumbani mpaka umeuliza nani alikifanya na alilipwa nini.

MAHALI SERA INAPONYAMAZA

Sasa tuingie ndani ya kiwanda.

Katika mfuko mmoja wa simenti kuna mawe ya chokaa, mafuta ya kuchomea, umeme, usafiri, kodi, faida, na mshahara. Kampuni ya umeme haikubali kupunguziwa, maana itakata nyaya. Mwenye lori hakubali, maana atageuza lori. Mtoza kodi hakubali kabisa. Kitu pekee kinachoweza kukatwa bila mtambo kuzimika ni mshahara, kwa sababu mfanyakazi ana njaa, na nje ya geti wamesimama wengine mia wanaongoja.

Nchi hii haina kiwango cha chini cha mshahara chenye maana. Kile kinachotajwa hadi leo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Leo fedha hizo hazinunui hata kilo mbili za sukari. Mwezi wa Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka viwango vipya kwa kila aina ya kazi, lakini Rais hakuutia sahihi. Kenya na Tanzania zina amri za mishahara kwa sekta. Sisi tunabaki na tarakimu ya mwaka 1984, kama kalenda ya zamani iliyosahaulika ukutani.

Halafu kuna jambo la lejaleja. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe katika kazi ya kutwa kupita miezi minne. Baada ya hapo apewe mkataba ulioandikwa. Wengi wenu mnajua kinachofanyika. Mwezi wa nne unapokaribia kwisha, mtu anaambiwa apumzike wiki moja, kisha anaandikwa upya kama mgeni. Au kampuni ya kukodisha watu inaingia kati, na mwenye kiwanda anasema hawa si wafanyakazi wangu. Nimepita viwanda ambako mtu ana miaka sita mbele ya tanuru moja, na kwa hesabu ya vitabu yeye ni mgeni wa wiki iliyopita.

Ndugu wa mashambani, msifikiri hii ni habari ya mjini. Nguzo za umeme zinazosimamishwa vijijini zinatoka kwenye mashamba ya mikaratusi ya hapahapa Uganda. Kuna aliyepanda mche, aliyepalilia, aliyekata, aliyekokota gogo mlimani, na aliyelitia dawa ili lisiliwe na mchwa. Nguzo ile ni kifaa cha kazi ya umma kama nondo ilivyo. Ikihesabiwa kuwa bidhaa ya nyumbani inayostahili kupendelewa, basi mpalilizi anayelipwa kwa mistari, asiye na buti wala glavu, naye ahesabiwe.

Huku ndiko kunyamaza kwa BUBU ninakokusema. Mwananchi analipa kodi. Serikali inatumia kodi hiyo kumpendelea mwenye kiwanda wa nyumbani, hata kama bei yake imezidi kidogo. Nafuu hiyo inatoka mfukoni mwetu sote, akiwemo mfanyakazi mwenyewe, anayelipa kodi katika sabuni na mafuta ya taa. Je, si haki kumwuliza anayepokea nafuu hiyo: na wewe unawafanyia nini watu wako?

AHADI YA MWAKA 1963

Wengine watasema ninaomba kitu kipya kisichojulikana duniani. Sivyo. Ninaomba kitu ambacho Uganda yenyewe iliahidi zamani.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba namba 94 juu ya masharti ya kazi katika kandarasi za umma. Uganda iliukubali mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Kenya na Tanzania nazo ziliukubali. Maneno yake si magumu. Kwa lugha yetu ya kawaida yanasema hivi:

Kwanza, kila kandarasi ya Serikali iandikwe ndani yake kwamba wafanyakazi watapata mshahara, saa na masharti yasiyo chini ya yale yaliyokubaliwa kwa kazi ya aina hiyo mahali hapo, ama kwa mapatano ya chama na waajiri, ama kwa uamuzi wa usuluhishi, ama kwa sheria.

Pili, masharti hayo yamfuate pia kontrakta mdogo aliyepewa kipande cha kazi.

Tatu, hayahusu ujenzi peke yake. Yanahusu pia utengenezaji wa vifaa vinavyouzwa kwa kandarasi za umma.

Nne, masharti yabandikwe mahali pa kazi yaonekane na wafanyakazi.

Tano, anayevunja masharti anyimwe kandarasi, na fedha zake zizuiliwe ili wafanyakazi walipwe.

Someni tena hilo la tano. Fedha zizuiliwe ili wafanyakazi walipwe! Ni mara ngapi kontrakta amemaliza barabara, amepokea cheki ya mwisho, amefunga kambi usiku, na vibarua wakabaki getini na mishahara ya miezi miwili? Dawa iliandikwa tangu mwaka 1949. Tuliinunua mwaka 1963. Imewekwa kabatini na mgonjwa amelala chini.

Lakini kuna ufa mmoja ambao ni lazima tuuzibe, na hapo ndipo kanuni za bidhaa za nyumbani zinapokuwa na faida kubwa kwetu. Kiwanda kinachouza moja kwa moja kwa Serikali kinashikwa na mkataba huo wazi. Kontrakta mdogo naye anashikwa. Lakini mwenye kiwanda anayemwuzia kontrakta simenti anaweza kusema: "Mimi si kontrakta. Mimi ni muuzaji tu, kama muuza chumvi sokoni." Hapo kamba inakatika. Basi anapokuja kudai kwamba simenti yake ihesabiwe katika asilimia ya Uganda, tumkamate kwa kamba ileile anayoivuta mwenyewe. Akitaka kuhesabiwa, akubali masharti. Akikataa masharti, auze simenti yake kwa yeyote amtakaye, lakini isihesabiwe katika asilimia wala isipewe nafuu.

Hilo ndilo dai langu, na ndilo peke yake: bidhaa isiitwe ya nyumbani katika kazi ya umma mpaka aliyeitengeneza awe amelipwa kwa masharti ya haki.

WANAOPINGA NA MAJIBU YAO

Mwenye kiwanda atasema: nikilipa vizuri nitashindwa na mwenzangu anayelipa vibaya. Hilo ni kweli, ndiyo maana masharti yaandikwe katika karatasi za zabuni kabla ya mtu yeyote kutaja bei. Yakimbana kila mmoja sawasawa, hakuna atakayeshinda kwa kumnyonya mfanyakazi wake. Mwajiri mwema anapaswa kuwa wa kwanza kutuunga mkono, maana leo yeye ndiye anayeadhibiwa kwa wema wake.

Mwenye kuweka hesabu za Serikali atasema: mradi utakuwa ghali. Nami namwuliza: ule ujira mdogo humfaidi nani? Mfanyakazi akivunjika mguu bila fidia anakwenda hospitali ya Serikali. Akizeeka bila akiba ya NSSF anarudi kwa wanawe, ambao nao hawana kitu. Gharama haikuondoka, imehamishwa tu kutoka kwenye kitabu cha kontrakta hadi kwenye kitabu cha taifa na cha ukoo.

Mwenye kupenda mambo ya ng'ambo atasema: nchi zilizoendelea hazifanyi hivyo. Marekani ilitunga sheria ya mishahara kwa ujenzi wa serikali kuu mwaka 1931. Mwaka 1933 ikatunga sheria ya serikali kununua vitu vya Marekani. Mwaka 1936 ikatunga nyingine ya kulinda ujira na saa za wafanyakazi wa viwanda vinavyoiuzia serikali. Katika miaka mitano hiyo, bidhaa ya nyumbani na mshahara wa nyumbani vilitembea pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja. Sisi tumefunga ng'ombe mmoja, halafu tunashangaa jembe linakwenda upande.

Na yuko atakayesema mambo haya ni madogo, hayawezi kuzuia mradi. Huyo akumbuke barabara ya Fort Portal hadi Kamwenge. Mwezi wa Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha zake katika mradi ule, ikataja kuvunjwa kwa masharti yanayohusu wafanyakazi, mambo ya jamii na mazingira, pamoja na shutuma nzito za kudhulumiwa kwa wasichana. Pale ilionekana wazi kwamba asiyeangalia watu mwishowe anakosa hata barabara. Lakini ni aibu tukingoja benki ya Washington ituambie jambo tuliloliahidi wenyewe mwaka 1963.

KAZI YETU SISI

Serikali haitaleta sharti hili kwa sababu mimi nimeandika. Litakuja tukilifanyia kazi.

Jambo la kwanza ni wanachama. Mkataba namba 94 unapima mshahara kwa mapatano yaliyopo mahali hapo. Kwa kuwa sheria ya kiwango cha chini hatuna, mapatano yetu ndiyo kipimo. Pasipo mapatano, afisa wa PPDA atapima kwa kitu gani? Kiwanda kisicho na chama ni mizani isiyo na jiwe. Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 1995 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama na kupatana kwa pamoja na mwajiri. Wafanyakazi wa lejaleja waandikwe kwanza, maana wao ndio mlango ambao tajiri hupitia kuwashusha wengine wote.

Jambo la pili ni ushahidi. Tunza karatasi ya mshahara. Kama hupewi, andika katika daftari siku uliyoingia kazini, saa ulizofanya, fedha ulizopewa na jina la nyapara. Ulizia akaunti yako ya NSSF: mwajiri anatakiwa kuweka asilimia 10 na wewe unakatwa asilimia 5, na tangu mwaka 2022 sheria inawabana waajiri wote, wakubwa kwa wadogo. Kiwanda kinachokata bila kupeleka ni rahisi kukionyesha, maana kitabu cha NSSF hakimwogopi meneja.

Jambo la tatu ni umoja wa vyama. Simenti ina chama chake, mashamba yana chao, reli ina chao. NOTU na COFTU nazo zina njia zao mbili. Lakini taruma moja la zege lina simenti ya mmoja, nondo ya mwingine na kokoto ya wa tatu, na gari moshi litapita juu yao wote. Tukae pamoja, tuandike barua moja yenye dai moja, tuipeleke kwa wabunge watano wa wafanyakazi, kwa Wizara ya Kazi, kwa PPDA na kwa wakuu wa mradi wa reli. Barua hiyo iulize maswali matatu tu: Je, masharti ya Mkataba namba 94 yameandikwa katika kandarasi ya reli na kandarasi zake ndogo? Je, yatawafunga viwanda na mashamba yatakayohesabiwa katika asilimia ya Uganda? Na ni nani atakayezuia malipo yakivunjwa?

Jambo la nne ni ubao. Karatasi ya masharti ibandikwe katika kila karakana, kila kambi na kila shamba linalouza kwa kazi ya umma, kwa lugha ambayo watu wa hapo wanaisoma. Penye ubao wazi nyapara hupunguza maneno.

Tena tusisahau upande wetu. Tukidai bidhaa ya nyumbani ipendelewe, tuitengeneze kwa haki. Nondo iliyopunguzwa unene huua watu, na wa kwanza kuangukiwa ni fundi aliye chini ya jukwaa. Mfanyakazi akiagizwa kupunguza kipimo, aseme, na chama kimkinge asifukuzwe. Kazi nzuri ni silaha yetu mezani.

Ndugu zangu, reli hii itajengwa. Siku itakapofunguliwa tutaambiwa ni asilimia ngapi ilikuwa ya Uganda, na watu watapiga makofi. Tusingoje siku hiyo ndipo tuulize asilimia hiyo ilipita mikononi mwa nani. Tuulize sasa, kandarasi ndogo zikiwa bado zinaandikwa na wino haujakauka. Mwenye kalamu ya kuandikia asilimia ni wao. Mwenye mkono wa kuijaza ni sisi.

Umoja ni nguvu.